Sakafu Nyeupe ya Mkahawa wa Muyinga

Kazi ya kwanza niliyopewa peke yangu ilikuwa kutengeneza upya mkahawa ambao haukuwa umeharibika.

Nilijifunza kupanga karo, yaani vigae vya sakafu, mjini Gitega, mtaa wa Mushasha, kwa fundi mmoja aliyekuwa akitengeneza nyumba ya wageni ya kanisa. Kwa miaka miwili nilimchanganyia saruji na kumloweshea karo kwenye ndoo. Halafu taratibu akaniacha nipange mwenyewe, kwanza bafuni ambako watu hawaangalii sana, baadaye vyumbani. Siku moja akaja mfanyabiashara kijana kutoka Muyinga, akalala pale. Asubuhi alisimama kwenye korido akiangalia chini muda mrefu, kama mtu aliyedondosha kitu. Akamwambia fundi wangu kwamba mama yake ana mkahawa karibu na soko la Muyinga, na yeye anataka sakafu kama ile.

Fundi wangu alikuwa na kazi nyingi. Akanisukuma begani mbele.

"Mchukue huyu. Haongei, lakini mkono wake umenyooka."

Ndivyo nilivyofika Muyinga na mfuko wangu wa vifaa. Nilipoingia kwenye mkahawa nilipaswa kusema kwamba mimi ndiye fundi. Nilishindwa. Palikuwa pamejaa, kila mtu akaniangalia, nikaona heri nikae kwanza. Nikaletewa chai ya maziwa na chapati bila kuagiza.

Ulikuwa ni chumba kimoja kirefu. Sakafu ilikuwa ya saruji ya zamani, nyeusi, iliyolika katikati kwa kupitwa sana. Kuta zilikuwa na rangi ya moshi. Katikati palikuwa na meza moja ndefu, na mabenchi mawili marefu kama ya kanisani, moja kila upande. Watu walikaa wamebanana. Karibu nami alikaa mzee aliyeuza kamba sokoni, marobota ya kamba yakiwa miguuni kwake. Upande wake wa pili alikaa mwalimu mwenye kalamu mfukoni, na baada ya mwalimu mwanamke mwenye kuku wawili waliofungwa miguu, amewasukuma chini ya benchi. Sukari ilikuwa kwenye kopo moja lenye kijiko kimoja, na kopo lilisafiri mezani kutoka mkono hadi mkono. Ukitaka sukari unangoja, na ukingoja unasikia habari za watu.

Nilikuwa nimemaliza chai yangu ya pili mzee wa kamba aliponyoosha kidole kwenye mfuko wangu, ambako pima maji, kile kipimo cha mafundi, lilikuwa limechomoza.

"Mama," alisema kwa Kirundi, "huyu mtoto wako wa karo amekaa hapa tangu saa mbili anakula."

Mama mwenye mkahawa akatoka jikoni akijifuta mikono kwa kanga. Alikuwa mwanamke mnene wa mjini, Mwislamu, aliyezaliwa mtaa uleule, na sauti yake ilisikika hadi sokoni.

"Kumbe ni we? Mi nangoja mutu wa ndevu! Nimekuona, nikasema, huyu iko mutoto wa shule, amepotea."

Watu wakacheka. Mimi nikaangalia kikombe changu.

"Na unataka kubomoa nini hapa?" mzee akaniuliza.

"Sibomoi, mzee. Ninaboresha."

"Ee. Na pana ugonjwa gani?"

Nilimwangalia mama, naye akainua mabega.

"Mwanangu anavuka mupaka kila wiki," alisema. "Ameona dunia. Kule Kahama mikahawa yote iko na karo. Mi nimeona nini? Nimeona masufuria."

Nilifanya kazi wiki mbili na siku kadhaa. Mabenchi na meza ndefu vikatolewa nyuma uani, na kuku wa jirani wakaanza kulala juu yake. Niligonga sakafu yote ya zamani kwa patasi, shimo karibu na shimo, ili saruji mpya ishike. Karo zilitoka ng'ambo, nyeupe, zinang'aa, na mwana wa mama alizileta mwenyewe, boksi moja amelishika mapajani kama mtoto mchanga. Nilivuta uzi, nikaanzia mlangoni. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa: karo nzima ziwe mlangoni, ambako jicho la mgeni linaanguka kwanza, na vipande vilivyokatwa vifichwe kule nyuma. Nilipanga moja moja, nikiigonga kwa mpini wa nyundo na kusikiliza. Karo iliyokaa vizuri inajibu kwa sauti ya kushiba. Iliyo na uwazi chini inalia kama debe, na ukiisikia unaitoa, unaanza tena.

Sikuzaliwa kwenye sakafu za aina hiyo. Nilizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi, Tanzania, kwenye udongo, na tuliporudi kwetu milimani, Nyarusange, tulirudi kwenye udongo mwingine. Mama yangu husiriba sakafu yake kwa mikono, na wakati naanza kazi ya karo nilimweleza jinsi zilivyo. Akafikiri sana. "Sasa ukimwaga maji, yanaenda wapi?" akaniuliza. Nikamwambia hayaendi popote, unayafuta. Akatikisa kichwa. Kwake sakafu ilikuwa kitu kinachokunywa.

Nilipomaliza, mkahawa ulikuwa mweupe chini na mweupe ukutani hadi kifuani, juu yake rangi ya kijani kibichi. Meza ndogo za watu wanne zilikuja, na viti vya plastiki, na kabati la kioo la maandazi, na kila meza na kibakuli chake cha sukari. Mwana wa mama alizunguka akigusa vitu.

"Sasa," alisema. "Hapo! Nani atasema Muyinga iko nyuma? Fundi, umefanya kazi, vraiment, kweli kabisa."

Nilikuwa sijawahi kusifiwa hivyo. Nilikuwa na furaha iliyonizuia kulala. Mama yake alisimama katikati ya chumba akageuka polepole, kama mtu aliyeingia kwa mwenyeji asiyemfahamu vizuri.

"Iko muzuri," alisema. "Inaogopesha kidogo, lakini iko muzuri."

Tulifungua siku ya soko. Mimi nilikuwa nibaki wiki mbili zaidi kutengeneza jiko na njia ya maji uani, kwa hiyo nilikuwepo. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na udongo mwekundu ulikuwa unashika kila kiatu. Nilifika mapema, nikavua kandambili zangu mlangoni, nikaingia miguu mitupu kuangalia kama mianya ya karo imekauka vizuri. Fundi wangu wa Mushasha alikuwa mkali kwa jambo hilo. Kwenye karo mpya fundi havai kiatu, alisema, na aliyevaa aende akapange matofali.

Mteja wa kwanza alikuwa yule mwanamke wa kuku. Alifika mlangoni, akaona weupe, akasimama. Akaniona mimi ndani, miguu mitupu. Akaangalia chini kwenye kandambili zangu, akavua viatu vyake vya mpira, akavipanga kando ya vyangu. Kuku akawaacha nje kwa mtu. Akaingia kwa ncha za vidole, akakaa ukingoni mwa kiti cha plastiki, akanywa chai yake haraka bila kusema neno. Baada yake wakaja vijana wawili waliobeba maharage. Nao wakavua. Baadaye wakaja watu watatu wa ofisini wenye viatu vya ngozi, wakasitasita, wakavua na soksi.

Nilidhani ni heshima kwa kazi yangu. Nakiri kwamba nilifurahi.

Kufikia saa nne mlangoni palikuwa na safu ya viatu, na ndani walikuwa watu tisa walioongea kwa kunong'ona. Nje palikuwa na watu wengi. Walikuja hadi mlangoni, wakainama kuchungulia.

"Yoo! Ni pazuri!"

"Ni kama Ulaya."

"Nani aliyepanga hivi? Ameweza."

Kisha wakaondoka. Mzee wa kamba naye alikuja. Alivua kofia, akaisalimia nyumba yote kwa sauti ya chini, akarudisha kofia kichwani, akaenda zake. Maziwa ya chai yakaota utando jikoni. Mama akayachemsha tena, yakaota utando tena.

"Watazoea," alisema mwanawe.

Siku ya pili walikuwa wanne. Siku ya tatu walikuwa wawili, na mmoja wao aliomba moto wa sigara tu. Mama alianza kukaa mlangoni akiwaita watu kwa ukoo wao, na watu walimjibu kwa furaha, wakamuuliza hali, wakamsifu kwa nyumba nzuri, na hawakuingia.

Nilichanganyikiwa kabisa. Nilijua kazi mbaya ikoje, nimeiona: karo iliyopinda, kona zinazochoma mguu. Mtu akiikataa kazi mbaya unaelewa. Lakini hawa waliipenda. Waliipenda mbele yangu, kwa maneno yao wenyewe, halafu wakaenda kunywa chai kwa mwanamke mwingine aliyeweka jiko lake chini ya turubai, wamesimama kwenye matope.

Nilianza kuwauliza watu, kidogo kidogo, kadiri nilivyoweza. Mmoja alisema bei zimepanda. Hazikuwa zimepanda. Mwingine alisema chai sasa haina ladha, ingawa hakuwa ameionja. Mwalimu mwenye kalamu alisema ni siasa za soko tu, zitapita. Mwana wa mama alisema ni ushamba wa watu wa milimani. Alisema hayo mbele yangu, na mimi ni mtu wa milimani, lakini alikuwa amesahau.

Wiki ya pili hasira yake ilibadilika ikawa hesabu ya kimya. Alileta mtu mmoja aliyeuza simu na vifaa vyake, wakasimama katikati ya chumba kitupu. Yule mtu wa simu aliangalia karo zangu akatabasamu.

"Kwa duka hii iko parfait, sawa kabisa," alisema. "Hata sibadili kitu."

Baada ya kuondoka kwake, mwana alimwambia mama yake kwamba mwezi ukiisha hivi, atapangisha chumba. Yeye mama amechoka, miguu inamuuma, apumzike nyumbani, kila kitu ataletewa.

Mama alikuwa akikanda unga. Hakugeuka.

"Nipumuzike nikifanya nini?" aliuliza.

"Upumuzike tu, mama."

"Mi najua jina ya kila mutu wa hii soko. Nikikaa nyumbani nitajua jina ya nani? Ya ukuta?"

Mwanawe alitoka. Alikuwa mtoto mwema, sikumwona hata siku moja akimkosea mama yake heshima, na nadhani hakuona alichokuwa anamwondolea. Mimi nilikuwa nimechuchumaa kwenye njia ya maji, mlango ukiwa wazi, nimesikia yote. Mama alijua nimesikia. Aliniambia, bila kunitazama, "Kula, mwanangu, iko chapati nyingi leo."

Nilikwenda sokoni kumtafuta mzee wa kamba. Nilipita mbele yake mara tatu kabla ya kusimama. Mara ya tatu akanishika mkono.

"We mtoto, unataka kamba au unataka kunijua sura?"

Nilimuuliza kwa nini haingii.

Alinishangaa. "Niingie wapi wakati watu wanasali?"

"Nani anasali?"

"Mama si amepageuza pa kusalia? Yeye ni Mwislamu, ni haki yake. Mimi ni Mkristo, sikutaka kuwasumbua. Niliona viatu mlangoni. Niliona weupe, na watu wako kimya."

"Walikuwa wanakunywa chai, mzee."

"Miguu mitupu?"

Mwanamke aliyeuza viazi pembeni akaingilia. "Mimi nilijua si msikiti," alisema. "Msikiti hauna viti. Mimi nilisema ni zahanati. Nikasema, mama amepata wazungu wamempa zahanati, kumbe chai ataacha. Nikahuzunika."

"Zahanati wanavua viatu?" mzee akamuuliza.

"Ya wazungu, nitajuaje?"

Wakabishana, wakacheka, wakamwita na mwingine aamue. Mimi nilibaki pale nikiona kandambili zangu za rangi ya bluu, peke yake, mlangoni, asubuhi ile ya soko. Kisha viatu vya mpira vya yule mwanamke wa kuku kando yake. Kila mtu aliyevua alivua kwa sababu ya aliyetangulia, na wa kwanza nilikuwa mimi.

Siku nzima sikuweza kumwambia mama. Nilitengeneza njia ya maji ambayo tayari ilikuwa imekwisha. Kesho yake, wakati anawasha jiko, nilimwambia kwa haraka, maneno yakigongana.

Aliweka kiberiti chini. Halafu akaanza kucheka, akacheka hadi kitambaa kikamdondoka kichwani, akakaa chini juu ya gunia la makaa.

"Musikiti! Wallahi! Na mi nikapika maandazi ya musikiti!" Alipangusa macho. Kisha kicheko kikamwisha taratibu, na alipoongea tena sauti yake ilikuwa nyingine. "Siku hizi zote nimesema, watu wamenichoka. Nimelala nikisema, nimefanyia watu nini?"

Nikamwambia nisamehe, mama. Akasema hana la kusamehe, nivae kandambili zangu.

Siku ya soko iliyofuata alisimama mlangoni na kuita kama muuza samaki. "Ingia na viatu! Hii si musikiti! Ingia na matope yako!" Watu walicheka, habari ikaenea soko zima, na nilifikiri mambo yamekwisha. Wengi walikuja hadi kizingitini. Lakini kuinua mguu wenye matope na kuuweka kwenye weupe ule, hawakuweza.

"Hapana, mama, tutakuchafulia."

"Chafueni! Ni yangu!"

"Hapana, mama. Nipe hapahapa nje, nanywa nimesimama."

Ni adabu. Mimi mwenyewe nisingeweza. Hata hivyo mwanamke mmoja jasiri, mwenye kapu la parachichi kichwani, aliingia kwa kishindo na viatu vyake, akapiga hatua nne. Hatua ya tano ilimpeleka. Matope na karo ya kung'aa ni kama sabuni. Parachichi zilikimbia chumba kizima. Hakuumia, alikaa chini akicheka, na sote tukazikusanya. Lakini alipotoka alitoka akishika ukuta, na hakuna mwingine aliyejaribu.

Nilikaa uani kwenye moja ya yale mabenchi marefu, kati ya kuku. Nilifikiri kuhusu kila karo, na sikupata kosa. Uzi ulikuwa umenyooka. Nilipogonga, zote zilijibu vizuri. Inakuwaje kitu kisicho na kosa kiwe kosa?

Jioni, kabla ya kufunga, mwana wa mama alikuja na kusema kwamba mtu wa simu anangoja jibu. Mama alikunja kanga yake kiunoni, akaikunjua, akaikunja. Nikasikia sauti yangu.

"Kaka, nusu ya mbele niitoe."

Wote wawili wakanigeukia.

"Niitoe niweke saruji ya kukwaruza. Na meza ndefu irudi, na mabenchi. Nyuma karo zibaki. Mtu akiwa na matope akae mbele. Na kopo la sukari lirudi."

Sijui kama nimewahi kusema maneno mengi hivyo kwa mpigo mbele ya mtu anayeniajiri. Mwana wa mama alinitazama kama nimemtukana.

"We, umepanga mwenyewe! Utabomoa kazi yako?"

"Nitaibomoa."

"Kwa watu ambao hawajui hata karo ni nini?"

"Wanajua," mama akasema. "Ndiyo maana hawaikanyagi." Kisha akamwambia mwanawe, kwa upole ambao ulimaliza mazungumzo, "Baba, mwambie mutu wa simu atafute kwingine. Jaribu ya mwisho, mwachie fundi."

Karo haitoki nzima. Ukiipanga vizuri, ukitaka kuitoa lazima uivunje, na jinsi ulivyoipanga vizuri ndivyo inavyokataa. Za mbele ndizo zilizokuwa nzuri kuliko zote, zile nzima, zile nilizoanzia. Nilizivunja siku mbili. Nilidhani chini nitaikuta sakafu ya zamani, ile nyeusi iliyolika, lakini nilikuwa nimeitoboa yote kwa patasi, haikuwa sakafu tena. Nikamwaga saruji mpya, nikaifagia kwa ufagio wa vijiti ikiwa mbichi ili iwe na mikwaruzo. Mzee wa kamba alipita kila asubuhi kunitazama.

"Umeboresha," alisema siku ya kwanza. "Sasa unaboresha ulichoboresha."

Mabenchi niliyaosha. Soko lililofuata walijaa. Sitasema uongo, walijaa kabla ya saa tatu, na matope yao, na kuku, na marobota, na mama akapita kati yao na birika akiita majina, akiwatukana kwa mapenzi wale waliokunywa chai ya turubai. "Tumbo yako imekaa nje, sasa imerudi?" Mwanawe alisimama karibu na kabati la kioo akikunja mikono, kisha akaikunjua, kisha akaanza kusaidia kubeba vikombe. Habari za mtu wa simu hazikusikika tena. Niliondoka kesho yake nikiwa mwepesi.

Miezi minne baadaye nilipita Muyinga kwa kazi nyingine, nikaingia kunywa chai. Mkahawa ulikuwa umejaa, mbele na nyuma. Nilisimama kizingitini nikiangalia, na ilinichukua muda kujua ninaangalia nini.

Mbele, kwenye saruji, walikaa watu wa milimani kwenye mabenchi, wamebanana, kopo la sukari likisafiri. Nyuma, kwenye karo, walikaa watu wa ofisini kwenye meza ndogo, kila meza na kibakuli chake. Mwalimu mwenye kalamu alikuwa nyuma. Mzee wa kamba alikuwa mbele. Pale saruji inapokutana na karo nilikuwa nimeacha mstari mnyoofu sana, niliuvuta kwa uzi, na ulikuwa umenyooka hadi leo. Hakuna aliyekuwa amewaambia watu wapi pa kukaa.

Nilikuwa na matope. Nikakaa mbele, karibu na mzee. Mwalimu akaniona.

"Fundi! Mbona umekaa huko? Njoo huku kwenye kazi yako, kwa watu."

"Na sisi ni mihogo?" mzee akauliza, bila kugeuka.

Benchi zima likacheka. Na kule nyuma wakacheka, mwalimu pia, akainua mkono kuomba radhi, na mtu akasema kitu kuhusu mihogo na mwingine akajibu. Kilikuwa kicheko kizuri. Lakini kilianza mbele, kikasimama kidogo, kisha kikaenda nyuma.

Mama alikuja na birika. Alikuwa amenenepa, au amepumzika, sijui. Alijaza kikombe changu hadi juu.

"Umeona?" akaniuliza. "Mukahawa iko. Mwanangu amenyamaza. Mi niko na majina yangu yote."

"Nimeona, mama."

"Eh." Aliangalia nyuma, akaangalia mbele. "Lakini sasa natembea mara mbili. Habari ya huku haifiki kule, lazima niibebe mi mwenyewe, kama chai." Akanigusa bega. "Fundi, mbele wanataka sukari kidogo, nyuma wanataka nyingi. Zamani nilikuwa sijui hiyo. Niliweka kopo, basi."

Nilitaka kumuuliza kama niliharibu. Nilitaka pia kumuuliza kama nilitengeneza. Niliangalia karo zilizobaki, ule weupe wangu, na zilikuwa zimekaa vizuri, hakuna hata moja iliyopasuka. Mtu mmoja alimwita kutoka nyuma na mwingine akamwita kutoka mbele, kwa wakati mmoja, na mama akasimama na birika mkononi, akifikiri aende wapi kwanza.